Michezo ya kupaka rangi kwenye kompyuta: inamfundisha mtoto au inamnyamazisha tu?

Mwezi huu tumechagua habari ambayo wengine wataona ni ya kitoto: ile michezo ya kupaka rangi picha, inayochezwa kwenye kompyuta, tableti au simu. Tumeichagua kwa sababu inaleta ugomvi ndani ya nyumba. Mtoto analilia simu apake rangi kipepeo. Baba hataki kuitoa, kwa sababu betri ile ni ya kungojea habari za ndugu waliobaki nyuma. Mama yuko katikati: akimpa mtoto simu anapata nusu saa ya kupika kwa utulivu, asipompa ni kelele mpaka jirani asikie.

Na wako wazazi wanaouliza kwa haki kabisa: sisi tulikimbia mikono mitupu, darasani watoto ni wengi na vitabu ni vichache, sasa mtoto anakaa anapaka rangi picha ya paka. Itamsaidia nini?

Swali ni zuri. Hebu tulijibu taratibu, bila kusifu kupita kiasi na bila kulaani.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Michezo hii ni mingi, lakini ukiitazama vizuri utakuta iko ya aina tatu.

Aina ya kwanza: mtoto anapewa picha iliyochorwa kwa mistari myeusi tu, tuseme nyumba, samaki au ua. Pembeni kuna rangi zimepangwa. Anachagua rangi, anagusa sehemu moja ya picha, na sehemu ile inajaa rangi mara moja.

Aina ya pili ni ya namba. Kila kipande cha picha kina namba, na kila rangi ina namba yake. Mtoto anaona namba 3, anatafuta rangi namba 3, anajaza. Akimaliza vyote, picha nzima inajitokeza.

Aina ya tatu ni karatasi tupu. Hakuna picha. Kuna brashi, kuna kifutio, kuna mihuri ya vitu vidogo vidogo, na mtoto anachora anachotaka yeye.

Katika aina zote hizi hakuna adui wa kumpiga, na mara nyingi hakuna saa inayomkimbiza mtoto. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anaweza kucheza, na bibi yake pia anaweza.

ILIKOTOKA

Kupaka rangi picha iliyokwisha chorwa si jambo jipya. Kule New York, kampuni ya McLoughlin Brothers ilikuwa inachapa vitabu vya namna hiyo kwa watoto tangu karne ya 19. Miaka ya mwanzo ya 1950, Mmarekani mmoja aliyeitwa Dan Robbins, mfanyakazi wa kampuni ya rangi kule Detroit, alitengeneza picha za kupaka kwa namba. Mtu asiyejua kuchora kabisa alifuata namba na kupata picha ya kutundika ukutani. Ziliuzwa kwa mamilioni.

Mwaka 1984 ilikuja kompyuta ya Macintosh, na ndani yake programu ya kuchora iliyoitwa MacPaint, kazi ya Bill Atkinson. Ilikuwa ya nyeusi na nyeupe tu, lakini tayari ilikuwa na alama ya ndoo ya kumwagia rangi, alama ambayo mpaka leo watoto wetu wanaiona kwenye kompyuta.

Miaka michache baadaye, mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Oregon, Craig Hickman, alimwona mwanawe Ben wa miaka mitatu akihangaika na programu ile. Mtoto alipenda kuchora, lakini alikuwa anafungua vitu asivyovijua na kupotea. Baba akaamua kumtengenezea yake: alama kubwa za kugusa, sauti za kuchekesha, na hata namna ya kufuta picha kwa mlipuko. Akaiita Kid Pix, na mwaka 1989 akaanza kuigawa bure. Baadaye iliuzwa na kampuni, ikaenea shule nyingi.

Mwaka 2002 Bill Kendrick wa California alianzisha nyingine inayoitwa Tux Paint, kwa watoto wa miaka 3 hadi 12. Hii ni ya bure kabisa, siyo bure ya ujanja. Inakubali kufanya kazi kwenye kompyuta za kizamani, haihitaji intaneti baada ya kuwekwa, na haina matangazo. Iko pia ya kuwekwa kwenye simu za Android. Na zile kompyuta za Windows, hata zilizochoka, karibu zote zina programu ya Paint, ambayo imekuwa ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985.

Tumeyasema haya kwa sababu moja. Mahali penye kompyuta moja inayowaka, tayari pana mchezo wa kupaka rangi. Haununuliwi.

NDOO INAVYOFANYA KAZI

Watoto wanauliza: kwa nini nikigusa sehemu moja inajaa yote? Mzazi, jibu hili hapa.

Kioo cha kompyuta kimejaa nukta ndogo sana, zimepangwa kama mistari ya mahindi shambani. Unapogusa kwa ndoo, kompyuta inatazama rangi ya nukta uliyogusa. Halafu inauliza jirani zake: juu, chini, kulia, kushoto. Jirani akiwa na rangi ileile ya zamani, anabadilishwa, naye anauliza jirani zake. Inaendelea hivyo mpaka inakuta mstari mweusi. Pale inasimama.

Basi, kama mstari una mwanya, hata wa nukta moja, rangi inapita pale na kumwagika nje mpaka inafunika ukurasa wote. Mtoto anashtuka, wenzake wanacheka. Lakini hapo ndipo anapojifunza kitu: anarudisha nyuma, anatafuta mwanya uko wapi, anauziba, anajaribu tena. Kutafuta kosa na kulirekebisha bila kuchapwa na bila kuharibu karatasi ni somo kubwa. Fundi wa umeme anafanya hivyohivyo, mshonaji hivyohivyo.

Jambo lingine la kumwonyesha mtoto mkubwa: rangi za kioo ni mwanga, siyo wino. Kila nukta ina taa tatu ndogo, nyekundu, kijani na bluu. Kila taa inaweza kuwekwa katika ngazi 256, kuanzia kuzimwa mpaka kuwaka kabisa. Ukizidisha 256 mara tatu, 256 x 256 x 256, unapata rangi 16,777,216. Na hapa kuna ajabu: ukichanganya rangi ya maji nyekundu na kijani kwenye karatasi utapata kahawia chafu, lakini kwenye kioo taa nyekundu na taa ya kijani zikiwaka pamoja zinatoa manjano. Mwalimu wa sayansi atafurahi mtoto akimuuliza kwa nini.

FAIDA ZILIZOPO

Tuseme wazi faida tunazoziona.

Kwanza, mkono. Mtoto ambaye hajawahi kushika mausi ya kompyuta anapata shida: kishale kinakimbia, kidole kinabofya mara mbili. Kupaka rangi kunamfundisha kuongoza kishale, kubofya mahali padogo, kuburuta. Siku atakapofika kwenye somo la kompyuta lenyewe, mkono wake hautatetemeka.

Pili, ile ya namba inamzoesha mdogo kusoma namba na kuzilinganisha, na kumaliza kazi aliyoanza.

Tatu, utulivu. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 84 wa chuo. Waliwafanya wapate wasiwasi kwanza, kisha wengine wakapaka rangi kwenye michoro yenye mpangilio na wengine wakapewa karatasi tupu. Waliopaka michoro yenye mpangilio walitulia zaidi. Lakini angalieni: wale walikuwa watu wazima, walitumia karatasi, na wasiwasi wao ulikuwa mdogo wa jaribio. Siyo dawa ya mtu aliyeona mauaji. Hilo tutalirudia huko mbele.

Na wasiyopata ni yapi? Kupaka rangi kwa kidole kwenye kioo hakumfundishi mtoto kushika kalamu. Kalamu ina uzito wake na inataka vidole vitatu. Mtoto anayejua kioo tu atapata shida kwenye daftari. Na mchezo wa namba, ukiwa ndio huohuo kila siku, unamwamulia mtoto kila kitu. Hachagui, hafikiri, anatii namba. Kwa hiyo mchanganyie: leo namba, kesho karatasi tupu.

MAJINA YA RANGI NI SHAMBA LETU

Faida nyingine inakuja pale tu mzazi anapokaa karibu na mtoto. Ni lugha.

Watoto wengi wanasema "hii", "ile", "ya huku". Hebu mfundishe jina. Kiswahili kina tabia yake nzuri: rangi tatu tu ndizo zenye neno lake linalobadilika kufuata kitu, yaani nyeupe, nyeusi na nyekundu. Tunasema kitambaa cheupe, gari jeupe, watu weupe. Nyingine karibu zote tumeziazima kutoka kwenye vitu tunavyoviona. Kijani imetoka kwenye jani. Kijivu ni jivu la jikoni. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni lile tunda linalopaka ulimi. Manjano ni kile kiungo cha mchuzi. Rangi ya chungwa, rangi ya waridi, rangi ya udongo, rangi ya maziwa.

Sasa cheza hivi: mtoto anapotaka kugusa rangi, asiiguse mpaka ataje jina na kitu kimoja chenye rangi hiyo. "Kijivu, kama jivu la mama." Wale wanaoongea Kirundi, Kibembe, Kifuliiru au lugha nyingine nyumbani, watajeni na kwa lugha hiyo. Mtoto wa kambini anasikia lugha nyingi na mara nyingi anazishika nusunusu. Dakika kumi za rangi zinaweza kumpa maneno kumi kamili.

RANGI YA NGOZI NI IPI?

Mara nyingi mtoto akipata picha ya mtu, anachagua ile rangi nyepesi ya pinki kwa uso. Ukimuuliza kwa nini, anasema: ndiyo rangi ya mtu.

Hilo halikuanza kwetu. Kampuni ya Crayola ya Marekani, inayotengeneza kalamu za rangi, ilikuwa na kalamu ya pinki nyepesi iliyoitwa kwa Kiingereza rangi ya nyama ya mwili, kana kwamba watu wote wana mwili wa rangi hiyo. Mwaka 1962 walibadilisha jina lile. Na mwaka 2020 walitoa pakiti ya kalamu 24 zote za rangi za ngozi za watu, kuanzia nyeupe sana mpaka nyeusi sana.

Usimgombeze mtoto wala usimpe hotuba. Mwambie tu: weka mkono wako kando ya kioo, tafuta rangi inayofanana. Sasa ya mama. Sasa ya kaka. Atagundua mwenyewe kwamba ndani ya nyumba moja kuna kahawia nne, na zote ni rangi ya mtu.

MTOTO ANAYEONA TOFAUTI

Mtoto anapaka majani kahawia na damu ya kijani, na ukimsahihisha anakosea tena. Kabla ya kumwita mkaidi au mjinga, jiulize kama anaziona rangi hizo. Wapo watu ambao tangu kuzaliwa wanachanganya nyekundu na kijani. Inarithiwa, na wavulana wanaipata zaidi kuliko wasichana. Siyo ugonjwa wa kuambukiza na haimzuii kusoma. Lakini ubaoni mwalimu akisema "tazameni chaki nyekundu," mtoto huyo anapotea.

Jaribu kwa vifuniko vya chupa au vitambaa: mwambie apange vyekundu huku na kijani kule. Akichanganya mara nyingi, mwambie mwalimu wake, na ukienda zahanati uulize. Mchezo wa kupaka rangi unaweza kuwa ndio uliokuonyesha jambo ambalo lingefichika miaka.

BURE YENYE GHARAMA

Sasa tuje kwenye simu, ambako ndiko ugomvi uliko.

Michezo mingi ya kupaka rangi ya kwenye simu imeandikwa ni ya bure. Lakini aliyeitengeneza lazima ale, si ndiyo? Anakula kwa matangazo. Mtoto anamaliza picha, linakuja tangazo. Anataka msaada wa kutafuta kipande kilichofichika, tangazo. Kila tangazo linavuta bando lako, na matangazo ya video yanavuta zaidi. Mengine yana alama ndogo ya kufunga ambayo mtoto haioni, anagusa pasipofaa, anajikuta anapakua kitu kingine. Halafu kuna picha nzuri zilizofungwa kwa kufuli, zinazotaka kulipiwa kila wiki au kila mwezi.

Fanya haya:

1. Zima data kabla ya kumpa mtoto simu. Mingi ya michezo hii inaendelea na picha ilizonazo, na matangazo mengi hayaji. Simu za kawaida za ndugu bado zitaingia.

2. Punguza mwanga wa kioo. Ndio unaokula betri zaidi.

3. Weka kiwango. Betri ikifika nusu, mchezo umekwisha. Mwonyeshe mtoto ile alama ya betri, aisome mwenyewe, ili asione ni wewe mbaya.

4. Namba ya siri ya pesa za simu mtoto asiijue. Kabisa.

5. Mchezo ukiomba kujua mahali ulipo, kusikiliza maikrofoni au kuona majina ya watu wako, kataa. Kupaka rangi kipepeo hakuhitaji kujua unaishi wapi. Kwa sisi tuliokimbia watu, hilo si jambo dogo.

6. Usipandishe picha za watoto wako kwenye michezo inayogeuza picha za watu kuwa michoro. Hujui zinaenda wapi.

Na kuhusu ile betri ya baba: ana haki. Kwa familia nyingi hapa simu ndiyo kamba pekee inayotuunganisha na waliopotea. Kama kuchaji ni kwa shida, mchezo usubiri siku ambayo kuna jua na nafasi ya kuchaji. Mtoto akielezwa sababu anaelewa. Mwambie kweli: "Simu hii inamngoja shangazi." Atakumbuka hilo kuliko "hapana" mia moja.

MUDA GANI?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hashauriwi kukalishwa mbele ya kioo. Wa miaka miwili mpaka minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Hiyo saa moja ni pamoja na video za nyimbo, siyo mchezo peke yake.

Kwa wakubwa, tumia akili ya nyumbani: maji yamechotwa, kazi ya shule imekwisha, mwili umecheza nje. Macho nayo yapumzike. Kila dakika 20 mtoto ainue uso, atazame kitu cha mbali, kama mita sita hivi, kwa sekunde 20. Akatazame mti au paa la jirani.

Jambo moja tunaliomba kwa wale wanaosimamia vyumba vya kompyuta. Angalieni nani anakaa kwenye kiti. Wavulana wanawahi, kwa sababu saa ile wasichana wako bombani au wamebeba wadogo zao mgongoni. Wekeni zamu zilizoandikwa, na wekeni zamu ya wasichana saa ambayo wanaweza kuja kweli. Na nyumbani vilevile, baba na mama: kama kaka ana muda wa mchezo, dada naye awe nao. Ndoo ya maji inaweza kubebwa na kaka.

PICHA ZA KWETU

Ukitazama picha zilizomo kwenye michezo hii, utaona mtu wa theluji, nyumba zenye bomba la moshi, matunda ambayo watoto wetu hawajawahi kuyaonja. Si vibaya. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa kambini hajaona ziwa letu kutoka upande wa kule nyumbani. Anasikia Baraka, Uvira, Rumonge, Nyanza-Lac, kama majina ya hadithi.

Tunaweza kumtengenezea picha zetu. Ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mzee anayejua kuchora achukue karatasi nyeupe na kalamu nyeusi nene. Achore mtumbwi wa wavuvi na taa zake za usiku. Mgomba wenye mkungu. Mchikichi na mtu anayepanda. Mama anayetwanga. Ng'oma za Burundi zimepangwa. Samaki wa Tanganyika, mgebuka na dagaa. Kumbukeni habari ya ndoo: mistari yote ifungwe, isiwe na mwanya.

Kisha karatasi ipigwe picha au iskaniwe. Anayesimamia kompyuta aibadilishe iwe nyeusi na nyeupe tupu, kwa sababu vivuli vya karatasi vikibaki, ndoo itajaza vipande vipande kama kiraka. Tux Paint inakubali kuongezewa picha za kuanzia: faili inawekwa kwenye folda yake, na mtoto anaikuta pamoja na zile nyingine. Kwenye Paint ya Windows, fungua tu picha na uanze kumwaga rangi, ila hifadhi nakala moja safi pembeni kwa mtoto anayefuata.

Halafu mtoto akae na babu, aulize: maji yalikuwa rangi gani asubuhi? Mtumbwi wenu ulipakwa nini? Babu anayesema kila siku kwamba watoto wa siku hizi hawasikilizi, hapo atasikilizwa. Na picha ya shamba ambalo halipo tena mkononi mwetu itakuwa imepata rangi kwa mkono wa mjukuu.

ASIYE NA KOMPYUTA

Familia nyingi hazina hata simu ya kugusa. Msijione mmeachwa. Mchezo wenyewe ulitoka kwenye karatasi na unaweza kurudi huko. Mkaa unatoa nyeusi. Jivu na maji, kijivu. Udongo mwekundu uliochujwa, rangi nzuri ya ukuta. Manjano kidogo yakikorogwa na maji yanapaka karatasi vizuri. Majani mabichi yaliyosuguliwa yanatoa kijani. Choya iliyochemshwa inatoa nyekundu. Chora picha kwenye boksi lililobaki, andika namba ndani ya kila sehemu, mpe mtoto brashi ya kijiti kilichotafunwa ncha. Hapo umetengeneza mchezo wa namba bila umeme.

MTOTO ANAPOCHORA VITA

Kuna watoto watakaochora moto, bunduki, watu walioanguka. Wengine watapaka ukurasa wote mweusi. Mzazi anaogopa, anafuta haraka au anafoka: "Chora ua!"

Usifute. Kaa naye, sema tu: "Niambie picha yako." Akisema, sikiliza mpaka mwisho. Asiposema, mwache, usimchimbe. Nyeusi peke yake siyo dalili ya ugonjwa. Wapo watoto wanaoipenda tu kwa sababu inaonekana vizuri. Lakini ukiona pamoja na picha hizo mtoto halali, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, anaogopa kuachwa peke yake, hachezi na wenzake, na hali hiyo inaendelea wiki nyingi, nenda kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto au wa afya ya akili hapa kambini. Mchezo wa kupaka rangi unaweza kufungua mlango wa maneno. Hauwezi kumtibu mtoto, na mtu asiwadanganye.

JIBU LETU

Basi, turudi kwenye swali: unamfundisha au unamnyamazisha? Inategemea nani amekaa karibu naye. Simu ikitolewa ili mtoto anyamaze, atanyamaza, na hakuna kingine kitakachotokea. Mtu mmoja wa nyumbani akikaa naye robo saa, akamuuliza jina la rangi na kwa nini kachagua hiyo, mchezo uleule unakuwa darasa. Kompyuta haijui kwamba maji ya asubuhi yalikuwa kijivu. Wewe unajua.

FUMBO LA FAMILIA

Mwaka 1976 wataalamu wawili wa hesabu, Kenneth Appel na Wolfgang Haken, walithibitisha kwa msaada wa kompyuta kwamba ramani yoyote, hata yenye nchi mia ambazo kila moja ni kipande kimoja, inaweza kupakwa kwa rangi nne tu, bila nchi mbili zinazopakana kuwa na rangi moja. Swali hilo lilikuwa limeulizwa tangu 1852 na kijana aliyeitwa Francis Guthrie.

Sasa ninyi chukueni ramani ya kwetu, kwenye kompyuta au mchangani. Pakeni Tanzania, Burundi, Rwanda na Kongo. Rangi tatu zitatosha? Halafu ongezeni Uganda. Itapata rangi ya nani?

Jibu: Tatu hazitoshi. Kila moja ya nchi hizi nne inapakana na nyingine zote tatu, hata Tanzania na Kongo, ambazo mpaka wao uko ndani ya Ziwa Tanganyika. Lazima ziwe rangi nne. Uganda inapakana na Tanzania, Rwanda na Kongo, lakini haigusi Burundi. Kwa hiyo Uganda itapata rangi ileile ya Burundi.

Watoto watakaopata kabla ya kusoma jibu, hongereni sana. Tuonane toleo lijalo.